Soga za Wazee Si Porojo Tupu

Wako watu wanaoamini kwamba mtu mzima akionekana ameketi na wenzake, wakicheka hadi machozi yakawatoka, basi hana kazi. Vijana huwapita wazee wa namna hiyo kando ya barabara wakitikisa vichwa. Hata baadhi ya walimu, ambao kazi yao ni kuyapima maneno, huziita soga hizo porojo. Makala haya yanaipinga rai hiyo. Soga za watu wa rika moja kuhusu miili inayochakaa, karo za watoto, wajukuu na miwani iliyopotea ni shule kamili ya uzee. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, shule hiyo imeanza kufungwa darasa moja baada ya jingine pasi na mtu yeyote kutoa tangazo.

Anayetaka kuisikia shule hiyo ikiendelea, na aende alasiri moja katika kituo cha kupimia majani chai, iwe ni upande wa Litein na Kapkatet au upande wa Mogogosiek na Silibwet. Wakulima wadogo wamekwisha kuchuna, mizigo imepangwa safu, karani yupo na mizani yake, lakini lori la kiwanda halijafika. Mvua, ambayo katika sehemu hizi aghalabu huanguka alasiri, nayo imeanza kupiga mabati. Hakuna la kufanya ila kungoja, na katika kungoja huko ndimo soga huzaliwa.

“Magoti yangu siku hizi hutabiri mvua kuliko redio,” asema mmoja.

“Huku kwetu hata mbuzi hutabiri mvua, boiyot,” ajibiwa na mwenzake, akimwita mzee kwa Kikipsigis. “Sema itanyesha, kisha ungoje saa nane.”

“Mimi nikifika mlangoni husahau kama nilikuwa naingia au natoka,” adakia wa tatu.

“Tazama viatu vyako. Vikiwa na matope, ulikuwa unaingia.”

Kando yao wameketi wanawake, na kwao pia mambo ni yale yale. “Mjukuu wangu amenifundisha kutumia simu,” asema nyanya mmoja, “na tangu nijue kumpigia, yeye ameacha kuishika.” Mwenzake amtuliza: “Shukuru, kogo. Wangu huishika, akaniambia atanipigia baadaye. Sijui baadaye hiyo ni ya mwaka gani.” Huenda akatokea pia mkulima aliyepokea malipo yake ya mwisho wa mwaka, akasema alivaa miwani akidhani ni macho yake yanayopunguza tarakimu, kumbe ni bonasi yenyewe iliyopungua. Hapo hucheka hata karani.

Msomaji makini atatambua jambo moja katika maneno hayo. Hakuna hata mmoja aliyelalamika, lakini kila mmoja amelitoa lake la moyoni. Wa kwanza amesema kwamba viungo vinamuuma. Wa tatu ameungama kwamba kumbukumbu inamtoroka. Nyanya amekiri kwamba ana upweke, na mkulima kwamba hajui atalipaje madeni yake. Lau wangeulizwa mambo hayo waziwazi, kila mmoja wao angejibu kwamba yu salama salimini. Mzaha umewafungulia mlango ambao swali la moja kwa moja lingeufunga.

Hiyo ndiyo hoja yangu kuu. Watu wetu, hasa wanaume, walilelewa kuvumilia maumivu bila kupepesa jicho. Tabia hiyo ilimfaa kijana aliyekuwa akijiandaa kulinda mifugo na kaya. Kwa mtu wa miaka 60 inaweza kuwa kaburi. Shinikizo la damu halitishwi na ushujaa, wala kisukari hakimwogopi mtu aliyekaza meno. Mzee asiyeweza kusema “naumwa” akiwa amekunja uso anahitaji mahali ambapo ataweza kulisema akiwa anacheka.

Tuseme mzee mmoja anawaambia wenzake kwamba amekuwa mlinzi wa boma lake, kwa sababu kila usiku huamka mara nne kwenda nje. Wote wanaangua kicheko. Kicheko kikiisha, mmoja wao anamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini: “Mimi pia nilikuwa mlinzi mwaka juzi. Nilikwenda hospitalini, nikapimwa. Twende pamoja Jumanne.” Kuamka mara kwa mara usiku huweza kuwa dalili ya kuvimba kwa tezi dume au ya kisukari, na yote mawili hutibika vyema zaidi yakigunduliwa mapema. Mabango ukutani na matangazo redioni yana kazi yake, lakini hayawezi kumshika mzee huyo mkono hadi Kapkatet au Longisa. Mwenzake anayejua kucheka naye anaweza.

Waswahili waliutambua ukweli huu zamani. Kule Lamu na Zanzibar, nyumba nyingi za kale zilijengwa pamoja na baraza, kikalio cha mawe kilichoelekea njiani, ili watu wakae na kuzungumza bila ya mwenyeji kulazimika kumwingiza kila mmoja ndani. Nchini Tanzania, utani baina ya makabila ulikuwa mkataba wa heshima. Mtani aliruhusiwa kumkejeli hata mfiwa matangani, na papo hapo alikuwa na wajibu wa kumsaidia katika mazishi. Kejeli na msaada vilikwenda sambamba. Anayekutania ni yule ambaye hawezi kukuacha.

Nchini Zimbabwe, hekima hiyo imegeuzwa kuwa tiba. Mnamo mwaka wa 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na nyanya 14 katika mtaa wa Mbare jijini Harare. Nyanya hao walifunzwa namna ya kuwasikiliza watu wenye majonzi, wakaketishwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Walitumia lugha ya nyumbani. Badala ya majina ya kitaalamu walisema “kufungisisa”, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na walezi wa mabenchi hayo walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma za kawaida zilizoboreshwa. Sisemi kwamba kila kicheko ni matibabu. Nasema kwamba benchi, nyanya na maneno ya kawaida si vitu vya kudharauliwa.

Isitoshe, mwezi wa Juni mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huo unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Zamani tulidhani haya ni maradhi ya miji ya Ulaya, ambako jirani hamjui jirani. Siku hizi mtu anaweza kuwa mpweke hata akiwa na ekari mbili za chai na watoto saba, maadamu watoto hao wako Nairobi, Doha na Marekani.

Wakipsigis wanao msingi madhubuti wa kuukabili upweke huo, nao ni rika. Majina ya marika, kama vile Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi, huzunguka mithili ya gurudumu. Jina hutoka na wazee wake, kisha baada ya vizazi kadhaa likarudi na vijana wapya. Mvulana aliyepita jandoni aliitwa arap fulani, na kuanzia siku hiyo hakuzeeka peke yake. Alizeeka na kundi zima. Uhusiano huo ulikuwa mzito kiasi kwamba binti wa mtu wa rika lako alihesabiwa kuwa binti yako, nawe hukuweza kumwoa. Watu waliofungamana hivyo walikuwa na haki ya kuchekana vipara bila ya mtu kuona amevunjiwa heshima.

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa maana ya jambo hili, kwa kuwa shamba lake humwonyesha. Mchai ukiachwa ukue upendavyo huwa mti mrefu usioweza kuchunwa. Kwa hiyo mkulima huupogoa kila baada ya miaka michache, akauacha vijiti vitupu vinavyotia huruma. Baada ya miezi kadhaa huchipuka upya, na ukitunzwa hivyo huweza kutoa majani mawili na chipukizi kwa muda wa miaka mia moja. Mzaha wa wenzetu hufanya kazi ya kisu cha kupogoa. Hupunguza kiburi cha aliyekuwa mkubwa kazini, hukata huzuni inayotaka kurefuka, na humrudisha mtu kwenye kimo ambacho wengine wanaweza kumfikia.

Je, ni nini kinachoitishia shule hii? Kwanza ni mabadiliko ya kazi. Katika mashamba makubwa ya makampuni, yaliyoanzishwa miaka ya 1920, wachunaji walikwenda safu kwa safu, bega kwa bega, na mazungumzo yao yalivuka michai kutoka mtu hadi mtu. Sasa mashine zimeingia. Mnamo Mei 2023, mashine kadhaa zilichomwa moto huko Kericho na watu waliokasirishwa na kupotea kwa ajira. Hasira ile ilizungumziwa sana kwa lugha ya mishahara, na ilistahili. Hata hivyo, kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika hesabu za kampuni wala za chama cha wafanyakazi: mashine inanguruma, na penye ngurumo hapana soga.

Pili ni namna tunavyostaafu. Mchunaji wa kampuni aliyetoka Kisii, Nyanza au Magharibi huishi katika kambi ya wafanyakazi kwa miaka 30. Watoto wake huzaliwa hapo, na marafiki wake wote wako hapo. Lakini nyumba ni ya kampuni. Ajira ikikoma, ufunguo hurudishwa. Hurejea katika kijiji ambacho hukijua kwa likizo tu, na watu waliojua mizaha yake wametawanyika kila pembe ya nchi. Tumemlipa kiinua mgongo, tukamnyang'anya wasikilizaji.

Tatu, na hapa nawalenga walimu wenzangu wa wino na chaki, ni aibu ya wasomi. Mwaka wa 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Mwalimu aliongezewa miaka mitano ya kuitwa “mwalimu” kila asubuhi. Siku anapostaafu, bado huamka gizani kwa kengele inayolia ndani ya kichwa chake tu. Anaona haya kuketi kituoni na wakulima aliowafundishia watoto, kwa kuwa amezoea kusema huku wengine wakinyamaza. Katika soga hakuna mbele ya darasa. Mwalimu huyo hujifungia nyumbani na magazeti ya zamani, akanyamaza, na kimya hicho tukakiita heshima ya mzee.

Mambo haya yatawahusu wengi zaidi kila mwaka. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya waliofikisha miaka 60 walikuwa zaidi ya milioni 2.7. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1964, ambao ndio mwaka ilipoundwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, alitimiza miaka 60 mwaka wa 2024, na kwa mujibu wa Katiba akahesabiwa kuwa mzee. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa hadhi, na kupata malezi ya kiasi kutoka kwa jamaa zake na serikali. Serikali nayo ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zina msaada wake, hata zinapochelewa. Lakini hakuna serikali iliyowahi kumtumia mtu rafiki kwa njia ya simu.

Wapo watakaonijibu kwamba nazipamba soga kuliko zinavyostahili. Watasema kwamba vikao vingine hugeuka kuwa vya pombe, vingine vya kusengenya, na kwamba mizaha mingine huumiza. Ni kweli. Kumcheka mjane kwa upweke wake, au asiyejaliwa mtoto kwa kukosa wajukuu, ni ukatili. Kipimo ni chepesi: katika utani mwema, msemaji hujianza mwenyewe. Hutaja goti lake kabla ya kipara cha mwenzake, na aliyetaniwa akiondoka, wenzake huuliza amefika salama. Pakikosekana hayo, basi tuite kwa jina lake: ni dharau. Hata hivyo, hatuyafungi makanisa wala misikiti kwa sababu ya mnafiki mmoja, na haitupasi kuvidharau vikao vya wazee kwa sababu ya mlevi mmoja.

Nini basi kifanyike? Kwa wanafunzi, kazi iko vitabuni mwenu tayari. Katika fasihi simulizi mnafundishwa soga, malumbano ya utani na mawaidha, mnakariri sifa zake, na mnazijibu katika karatasi ya tatu ya mtihani. Wengi wenu hamjapata kusikia soga moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Likizo ijayo, chukueni daftari mwende kituoni au kwa babu zenu, mketi, na msikilize bila kutazama simu. Mtapata mifano hai ya tashbihi, chuku na kinaya isiyopatikana katika kitabu chochote cha marudio. Tena mtajua mapema jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwamba uzee si adhabu inayomwangukia mtu mwingine.

Kwa walimu, ushauri wangu ni kwamba msingoje barua ya kustaafu ndipo mtafute wa kuketi naye. Mtu huweka akiba ya fedha kwa miaka 30 na hasahau mwezi hata mmoja, lakini akiba ya marafiki huiacha ijitunze yenyewe. Mwalimu wa miaka 45 anayefundisha Bomet na aanze sasa kuwa na kikao kimoja kwa juma ambako yeye si mkuu wa mtu, ambako anaweza kusahihishwa, kuchekwa na kupewa kikombe cha mursik bila ya hotuba.

Kwa viongozi wa viwanda na serikali za kaunti za Kericho na Bomet, jambo hili halihitaji mabilioni. Vituo vya kupimia majani vijengewe paa pana na mabenchi ya kutosha, kwa kuwa mara nyingi wazee hungoja wakiwa wamesimama. Wahudumu wa afya wa kijijini wafike hapo mara moja kwa mwezi na kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, siku ya kupima majani, wakati watu wamekusanyika na nyoyo zimechangamka. Makampuni nayo yaufikirie mpango wa kuwawezesha wastaafu wao kukutana na wenzao walioachana nao, walau mara moja kwa mwaka.

Hakuna tiba itakayouzuia uzee. Wahenga walisema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeuona moshi huo ukitoweka akiwa peke yake dirishani, na yule anayeutazama pamoja na wenzake wakibishana ni nani kati yao aliyekuwa na nywele nyingi zaidi. Wa pili huzeeka vile vile, magoti yake huuma vile vile, lakini akiumwa sana yupo atakayejua. Kwa hiyo, ewe kijana, utakapowapita wazee wakicheka chini ya paa la kituo, usitikise kichwa. Wasalimu kwa heshima, “Chamgei”, kisha waulize kama pana nafasi kwenye benchi.